Maradhi ya Mwendo wa Taratibu

Katika mwaka 1886, kwenye hospitali ya Salpêtrière mjini Paris, tabibu mashuhuri Jean-Martin Charcot na mwanafunzi wake Pierre Marie walitangaza habari za wagonjwa watano ambao misuli yao ilisinyaa kuanzia nyayo na miundi, kisha, miaka ikipita, viganja vya mikono, nao aghalabu wakiwa na jamaa waliopatwa na dhara ile ile. Na mwaka huo huo, kando yao, Mwingereza Howard Henry Tooth akaandika tasnifu ya Cambridge juu ya maradhi hayo hayo. Wafaransa walielekea kuushuku uti wa mgongo. Tooth, kijana asiye na sifa, alisema ila imo katika mishipa ya fahamu, na yeye ndiye aliyesibu, ijapokuwa katika jina la maradhi, Charcot-Marie-Tooth, lake liliwekwa nyuma ya wakubwa.

Zama zile kipimo kilikuwa jicho la tabibu. Salpêtrière ilikuwa na mpiga picha wake, Albert Londe, lakini picha zake zilionyesha mguu uliokwisha kukonda, si kinachoendelea chini ya ngozi. Mwaka 1968 wataalamu Dyck na Lambert waliyagawa maradhi kwa kasi ya umeme ndani ya mishipa. Na mwaka 1991 wataalamu wa Antwerp na wa Houston, ambao mmoja wao, James Lupski, mwenyewe ana maradhi haya, walibaini kwamba katika aina iliyoenea zaidi kipande cha kromosomu ya 17 kimerudufiwa.

Sababu ikajulikana, dawa ikatamaniwa. Mwaka 2004, huko Marseille, panya wenye maradhi hayo walipewa vitamini C wakapata nafuu, basi wagonjwa 271 wa Italia na Uingereza wakajaribiwa, baadhi yao wakimeza gramu moja na nusu kila siku kwa miaka miwili, wengine vidonge vitupu. Matokeo yalipotolewa mwaka 2011, dawa haikufaa kitu. Amma mimi naona jambo zito zaidi ni hili: hata waliomeza vidonge vitupu, alama za ugonjwa wao hazikusogea ila kwa kiasi kidogo mno, na mizani isiyoona maradhi yakizidi, itaonaje yakipungua?

Jawabu lilitoka katika fani nyingine kabisa. Paul Lauterbur alikwisha kuonyesha mwaka 1973 namna ya kupata picha kwa nguvu za sumaku, na mwaka 1984 Thomas Dixon akatenga katika picha hizo maji na shahamu. Nayo misuli iliyokatikiwa na mishipa yake ya fahamu huliwa na shahamu, hata pale ambapo mguu kwa nje haujabadilika. Mwaka 2016 wataalamu wa Queen Square, London, walitangaza kwamba kwa wagonjwa 20 wa aina ile ya kromosomu ya 17, shahamu katika mashavu ya miguu iliongezeka kwa asilimia 1.2 ndani ya mwaka mmoja.

Walakini shavu la mguu lililokwisha kujaa shahamu halina cha kuongeza, wala lililo zima bado halina cha kuonyesha. Ndiyo maana mpimaji humpandia mgonjwa mmoja mpaka mapajani, na mwingine humshukia mpaka kwenye misuli midogo ya wayo.