Sten: Bunduki ya Rashasha ya Zama za Vita na Umiliki Wake kwa Mkusanyaji wa Kipato cha Wastani

Sten ni bunduki ndogo ya rashasha iliyobuniwa Uingereza katika Vita Vikuu vya Pili vya Dunia, itumiayo risasi za milimita 9, na iliyotengenezwa kiasi cha milioni nne katika miaka ya 1940. Ilikusudiwa iwe silaha rahisi kuliko zote za jinsi yake, na kwa fedha za zama zile haikugharimu ila pauni mbili au tatu. Walakini leo, katika nchi chache ambazo sheria humruhusu raia kuimiliki ikiwa hai, thamani yake huhesabiwa kwa maelfu ya dola, na hata hivyo ingali miongoni mwa zile za bei nafuu. Sababu ya mageuzi hayo haimo katika chuma chake bali katika sheria, na mkusanyaji asiyelifahamu hilo tangu awali aghalabu hupoteza mali yake, na pengine uhuru wake pia.

Asili

Mwezi wa Juni 1940, jeshi la Uingereza lilipokwisha kujinusuru kutoka Dunkirk kwa kuvuka bahari, na kuziacha huko Ufaransa silaha zake nyingi, serikali ilijikuta ikiingoja hatari ya kuvamiwa hali ghala zake ni tupu. Bunduki za Thompson zilikuwa zikinunuliwa kutoka Marekani, lakini zilikuwa ghali, ni nzito, na zilipaswa kuvuka bahari ya Atlantiki iliyojaa nyambizi za adui. Kwa ajili hiyo Meja Reginald Shepherd na Harold Turpin, mchoraji katika kiwanda cha kifalme cha silaha huko Enfield, walibuni bunduki ambayo ingeweza kutengenezwa kwa bomba la chuma, vipande vilivyopigwa kwa mashine ya kubamiza, na kuchomelewa kwa kazi chache za ufundi. Herufi za mwanzo za majina yao ya ukoo, zikiunganishwa na mwanzo wa neno Enfield, ndizo zilizoipa silaha hiyo jina lake. Majaribio yalifanywa mwezi wa Januari 1941, na utengenezaji ukaanza mwaka huo huo katika viwanda vikubwa pamoja na karakana ndogo ambazo kabla ya vita hazikuwa na habari na silaha. Aina ya tatu ilitengenezwa na kampuni ya Lines Brothers, iliyokuwa mashuhuri kwa vitu vya kuchezea watoto.

Umbo na utendaji

Utendaji wa Sten ni sahili. Boliti nzito hukaa nyuma ikizuiwa na kifyatulio. Kifyatulio kikivutwa, springi huisukuma mbele, nayo huikamata risasi kutoka katika magazini, huiingiza mtutuni na kuilipua kwa mwendo ule ule mmoja, kisha nguvu ya baruti huirudisha nyuma tena. Magazini huchomekwa upande wa kushoto, nayo huchukua risasi 32, ingawa askari wengi walijaza 28 au 30 tu ili springi isielemewe. Kwa kuwa bunduki hii hufyatua risasi zipatazo 500 hadi 550 kwa dakika, magazini iliyojaa hukauka kwa muda usiofika sekunde nne. Jambo hilo mwenye mfuko mwepesi yampasa alitie katika hesabu kabla ya kwenda uwanja wa shabaha.

Aibu ya Sten ilikuwa magazini yake. Kwa kuwa risasi zilizopangwa safu mbili zilipaswa kutoka kwa njia moja nyembamba, midomo ya magazini iliyopinda kidogo au uchafu kidogo ulitosha kuikwamisha, na mshikaji aliyeikamata bunduki kwa magazini badala ya kuishika chini ya mtutu alizidisha balaa. Tarehe 27 Mei 1942, mjini Prague, askari wa Chekoslovakia Jozef Gabčík alimwelekezea Sten Reinhard Heydrich, mtawala wa Kijerumani, nayo ikakataa kulia; mwenzake Jan Kubiš akarusha bomu, na Heydrich akafa kwa majeraha tarehe 4 Juni. Aibu ya pili ilikuwa hatari zaidi kwa mwenye bunduki mwenyewe, maana Sten iliyoanguka kwa kitako hali ina magazini yenye risasi iliweza kulia pasipo kuguswa. Baadaye mkono wa kukokea ulirekebishwa ili uweze kuifunga boliti ikiwa mbele.

Aina zake

Aina ya kwanza ilikuwa na kishikio cha mbele na kificha mwale mdomoni. Aina ya pili ndiyo iliyoenea kuliko zote, kwa kuwa ilitengenezwa zaidi ya milioni mbili: mtutu wake hufunguliwa kwa kuzungushwa, nyumba ya magazini hugeuzwa ili kulifunika tundu la maganda, na kitako huondolewa, hata bunduki nzima ikaweza kufichwa katika mfuko mdogo. Ndiyo maana iliangushwa kwa miavuli kwa wapiganaji wa siri wa Ufaransa, Norwei na Denmark. Na Wapolandi na Wadenishi wakatengeneza nakala zao kwa maficho. Wajerumani nao, waliokuwa wakijivunia ufundi wao, waliinakili mwishoni mwa vita. Aina ya pili ilitengenezwa pia Long Branch, karibu na Toronto, na zile za Kanada hutambulikana kwa jina la kiwanda na mwaka uliogongwa juu ya nyumba ya magazini. Aina ya tano ya mwaka 1944, yenye kitako cha mbao na umaliziaji mzuri, ilichukuliwa na askari wa miavuli hadi Arnhem. Palikuwapo pia aina ya pili yenye kizuia sauti, iliyofungwa turubai ili kuukinga mkono na joto.

Jeshi la Uingereza liliichagua Sterling mahali pa Sten mwaka 1953, lakini Sten haikuondoka mara moja. Katika Kenya, wakati wa Hali ya Hatari ya 1952 hadi 1960, ilikuwa miongoni mwa silaha za vikosi vya serikali. Leo sheria ya silaha ya Kenya, Sura ya 114, haimruhusu raia kumiliki bunduki ya kufyatua mfululizo. Hivyo yatakayosemwa hapa chini juu ya ununuzi yanahusu nchi nyingine.

Sheria ya umiliki

Soko kubwa la Sten zilizo hai limo Marekani, nalo limejengwa juu ya sheria tatu. Ya kwanza ilitiwa sahihi na Rais Franklin D. Roosevelt mwaka 1934, ikaamuru kila bunduki ya rashasha isajiliwe na serikali ya shirikisho, na kila ihamapo mikononi mwa mmoja kwenda kwa mwingine ilipiwe kodi ya dola 200. Kodi hiyo wakati ule ilikaribia bei ya Thompson mpya, na kwa thamani ya fedha za leo ingezidi dola 4,000. Ajabu ni kwamba kwa bunduki za rashasha kiasi chenyewe hakikubadilishwa kamwe. Sheria ya mwaka 1968 ilizuia silaha hizo kuingizwa kutoka nje kwa ajili ya raia, ikatoa na msamaha wa siku 30, ambao kwa huo askari waliorudi na Sten kutoka vitani waliweza kuzisajili pasipo kuadhibiwa. Ya tatu, iliyotiwa sahihi na Rais Ronald Reagan tarehe 19 Mei 1986, ilifunga daftari: bunduki ya rashasha isiyosajiliwa kabla ya siku hiyo haiwezi tena kuwa mali ya raia.

Hapo ndipo panapofumbuka fumbo la bei. Kabla ya mlango kufungwa, mafundi wenye leseni walitengeneza na kusajili mabomba mapya ya Sten, ambayo kisheria ndiyo mwili wa bunduki, wakayavisha vipande vya vita vilivyouzwa kwa bei ya chakavu. Bunduki za namna hiyo, pamoja na rashasha ndogo ya MAC-10 na jamaa zake, ndizo hadi leo mlango wa chini wa kuingilia katika ukusanyaji huu, ilhali Sten ya asili ya Uingereza au Kanada iliyosajiliwa kwa msamaha wa 1968 huwa ghali zaidi, kwa kuwa huhesabiwa kuwa kitu cha kale. Kwa kuwa idadi yake haiongezeki na watakao ni wengi, mnunuzi kwa hakika hanunui vipande vya chuma, ambavyo ni vya kawaida. Anunua nambari iliyoandikwa katika daftari la serikali.

Uingereza kwenyewe, raia hana ruhusa ya kumiliki Sten iliyo hai. Lakini tangu mwisho wa miaka ya 1980 pamekuwa na kanuni za kuilemaza bunduki kwa kuichomelea na kuikata ndani, kisha kuipeleka katika nyumba za ukaguzi za London au Birmingham ili igongwe muhuri na kupewa cheti. Kanuni za Ulaya zilizoanza kufuatwa mwaka 2016 ni kali zaidi, na boliti hairuhusiwi kucheza tena. Bunduki zilizolemazwa kwa kanuni za zamani haziuzwi mpaka zirudiwe kwa kipimo kipya.

Ununuzi kwa fedha haba

Mkusanyaji wa kipato cha wastani hana budi kuchagua baina ya njia tatu. Ya kwanza ni bomba lililosajiliwa Marekani: ghali kwa kununua, lakini rahisi kutumia, maadamu risasi ya milimita 9 inapatikana kila mahali na kwa bei ya chini kuliko ile nzito ya Thompson. Yampasa kwanza ajue kama jimbo lake linaruhusu, kwa sababu majimbo kadhaa yamekataza kabisa; kisha aweke akiba ya kodi, alama za vidole, picha na subira, kwa maana bunduki hukaa kwa muuzaji mpaka idhini itoke. Ya pili ni Sten iliyolemazwa, ambayo kwa atakaye historia badala ya mlio ni chaguo la busara. Ya tatu ni sanamu kamili isiyo na mwili wa kweli, yenye vipande vya asili kwa nje. Wako wauzao vipande vilivyotengwa na mabomba yaliyokatwa, na wako wanunuzi wanaodhani kwamba kuviunganisha tena kuwa bunduki hai ni mchezo wa fundi wa nyumbani. Sheria ya Marekani huiita kazi hiyo uhalifu, na adhabu yake ni kifungo cha hadi miaka kumi.

Kabla ya kulipa, mnunuzi na ailinganishe nambari iliyogongwa na ile iliyoandikwa katika hati, herufi kwa herufi. Na aangalie kama uchomeleaji wa bomba ni safi, kwa kuwa kazi za mafundi wa miaka ya 1980 zilitofautiana sana, na bomba lililopinda ni kasoro isiyo na dawa ya bei nafuu: mtutu hubadilishwa, springi hubadilishwa, lakini bomba lililosajiliwa haliwezi kutupwa na kuwekwa jingine badala yake.

Vifaa vyake

Katika vifaa, umaskini wa asili wa Sten humfaidi mkusanyaji. Magazini zilitengenezwa kwa mamilioni na zingali rahisi. Heri kununua kadhaa, kuzijaribu moja moja, na kuzitenga zile zenye midomo iliyopinda. Kijazio, yaani kile chombo kidogo cha kushindilia risasi ndani ya magazini, si pambo bali ni rehema kwa vidole, kwa kuwa kujaza magazini ya Sten kwa mkono mtupu ni taabu. Mkanda wa turubai wa kuangikia, mfuko wa bega wa askari wa miavuli wenye vyumba saba vya magazini, na vitabu vidogo vya mafunzo vya jeshi, vyote hukamilisha maonyesho bila gharama kubwa. Vitako vya aina ya pili navyo, kile chenye umbo la T na kile cha kiunzi wazi, hubadilishana, na mwenye bunduki moja aweza kuionyesha kwa sura mbili.

Vitu viwili vyataka hadhari. Singe ya chuma cha kubamiza iliyotengenezwa mahsusi kwa Sten ni adimu sana, na za bandia ni nyingi kuliko za kweli. Singe ya msumari ya bunduki ya Kiingereza namba 4, inayoingia katika mtutu wa aina ya tano, ni ya kawaida na ya bei ndogo. Kizuia sauti nacho huko Marekani husajiliwa peke yake kama silaha, hata kikiwa kizee na kibovu. Anayetaka sura ya aina ile yenye kizuia sauti na atosheke na gamba tupu lililofungwa turubai.

Utunzaji na urithi

Risasi za zama za vita zisitumiwe ovyo, kwa kuwa fataki za baadhi yake huacha chumvi iletayo kutu. Akizitumia, mwenye bunduki na auoshe mtutu kwa maji ya moto, aukaushe na kuupaka mafuta siku hiyo hiyo. Magazini zihifadhiwe tupu, na bunduki ifungiwe mahali pasipofikiwa na asiyeruhusiwa.

Zaidi ya chuma, hati ya usajili itunzwe mbali na bunduki, na nakala yake apewe wakili au msimamizi wa mirathi. Huko Marekani mrithi halali huhamishiwa Sten iliyosajiliwa pasipo kulipa ile kodi ya dola 200. Walakini familia ikiikuta darini bunduki isiyoandikwa popote, hakuna ada wala ombi liwezalo kuisajili leo, na lililo salama ni kumwendea wakili ili ikabidhiwe serikalini au katika makumbusho. Bunduki mbili zaweza kuwa zimetoka kiwanda kimoja, mwezi mmoja, zikiwa na sura moja, na moja ikawa akiba ya uzeeni, ya pili ikawa kesi ya jinai. Tofauti yao ni karatasi.