Kitambaa cha spika, usafishaji wa

Kitambaa cha spika ni kile kinachowambwa mbele ya boksi la spika ili kuikinga koni, yaani sehemu inayotikisika na kutoa sauti, na vumbi na vidole vya watoto, huku kikiiachia sauti njia. Katika spika nyingi za nyumbani hufumwa kwa nyuzi za poliesta, kikavutwa juu ya fremu ya plastiki au ya MDF (ubao wa nyuzi za mbao zilizoshindiliwa) na kubanwa nyuma kwa gundi au pini. Redio za zamani zilivalishwa pia vitambaa vya pamba, ambavyo ni dhaifu zaidi na hupungua vikilowa.

Vitundu vya ufumaji ndivyo vinavyopitisha sauti. Vikizibwa na vumbi lililoshikana na mafuta ya jikoni, sauti nyembamba za twita, yaani kipaza sauti kidogo cha sauti za juu, ndizo huanza kufifia. Besi hubaki karibu vilevile, na kwa sababu hiyo mwenye spika huchelewa kutambua kasoro.

Ukungu huota pale unyevu wa hewa unapokaa juu ya asilimia 70 au karibu na hapo kwa siku kadhaa. Poliesta yenyewe si chakula chake. Unachokula ni uchafu uliotua juu yake: vumbi lenye chembe za ngozi, jasho la mikono, mvuke wa mapishi. Miji ya mwambao kama Mombasa, Zanzibar na Dar es Salaam huupa nafasi nzuri wakati wa masika, kati ya Machi na Mei, hasa spika ikisukumwa hadi ukutani katika chumba kisichopitisha hewa.

Kazi huanza kwa kuzima umeme na kuitoa fremu. Nyingi hushikwa na vijiti vilivyochomekwa kwenye boksi, nyingine na sumaku. Huvutwa pembe moja baada ya nyingine, polepole, maana vijiti vya plastiki iliyozeeka hukatika upesi. Vumbi kavu huondolewa kabla ya maji kugusa kitambaa, kwa brashi laini au mashine ya kufyonza iliyowekwa nguvu ndogo. Hapa ndipo wengi huharibu: vumbi likilowa kwanza hugeuka tope na kuzama ndani ya nyuzi. Penye ukungu, brashi itumike nje ya nyumba, na barakoa ivaliwe, kwa kuwa mbegu zake huruka na kudhuru mapafu, hasa ya wenye pumu.

Kitambaa cha poliesta chenye fremu ya plastiki huoshwa kwa maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo isiyo kali, kwa kugongagonga na sponji badala ya kusugua. Fremu ya MDF isizamishwe kamwe. Ikinywa maji huvimba na hairudi. Hiyo hufutwa kwa kitambaa kilichokamuliwa sana. Madoa ya ukungu hupakwa siki nyeupe au spiriti ya asilimia 70, baada ya kujaribu mahali pasipoonekana, kisha hufutwa kwa maji safi. Dawa ya klorini hupausha rangi, na ikichanganywa na siki hutoa gesi ya sumu. Mchanganyiko huo usijaribiwe hata kidogo.

Kitambaa kilichogandishwa moja kwa moja kwenye boksi kisinyunyiziwe chochote, kwa sababu nyuma yake kuna koni, mara nyingi ya karatasi. Kisafishwe kikiwa kikavu, au kwa kitambaa chenye unyevu mdogo tu.

Fremu hukaushwa kivulini penye upepo, maana jua kali huchujua rangi. Isirudishwe ingali na unyevu: ukungu utaota upya, safari hii upande wa ndani. Kitambaa kinachoendelea kunuka baada ya kuoshwa na kukauka kibadilishwe. Kipya kipimwe kwa kupuliza pumzi. Kama haipiti kwa urahisi, kama ilivyo kwa vitambaa vizito vya pazia, hakifai kwa spika.