Maketi ya boti ya mbao: namna ya kuchagua seti ya kwanza

Kwa wakaaji wa kando ya ziwa Kivu na ziwa Tanganyika, boti ya mbao ni chombo cha kila siku. Lakini kuko kazi ingine ya mikono inayohusu boti, inayopendwa sana Ulaya na Marekani: kutengeneza maketi, ni kusema mfano mdogo wa boti ya kweli. Mtu ananunua seti, yaani kartoni yenye mbao nyembamba zilizokatwa, kamba, plani na maelezo, kisha anaunganisha mwenyewe nyumbani.

Kwa kijana wa Goma, Bukavu ao Uvira, njia ya kupata seti ni kuagiza kwa intaneti ao kutuma ndugu aliye ng'ambo. Makuta yanatoka mengi, na kurudisha kartoni iliyokosewa ni kazi ya nguvu. Ndiyo sababu uchaguzi wa kwanza unataka akili.

Meli iliyofika kwa vipande

Wazo la chombo kinachokuja kwa vipande si geni huku. Meli Liemba ya ziwa Tanganyika ilitengenezwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, wakati huo ikiitwa Graf von Götzen. Ilifunguliwa, ikatiwa katika masanduku karibu 5 000, ikavuka bahari hadi Dar es Salaam, kisha ikapanda gari moshi mpaka Kigoma. Hapo mafundi waliiunganisha tena na kuishusha majini mwaka 1915. Maketi inafuata njia hiyo hiyo kwa udogo: kila kipande kiko na nafasi yake, na anayeruka hatua moja anaumia kwenye hatua ya tano.

Kosa la wengi: kuanza na meli kubwa

Picha iliyo juu ya kartoni inadanganya macho. Wengi wanaoanza wanavutwa na meli za vita za zamani, kama HMS Victory ya Uingereza, iliyoshushwa majini mwaka 1765 na ambayo ingali Portsmouth mpaka leo. Meli ya kweli iko na mizinga zaidi ya 100, na kamba zake zote zikiunganishwa zinapita kilometa 40. Maketi yake kwa kipimo cha 1:72 inapita urefu wa meta moja. Fundi mwenye uzoefu anaweza kuifanya kwa miaka. Anayeanza mara mingi anaiacha nusu, inabaki mavumbi juu ya kabati, na pamoja na makuta anapoteza pia moyo wa kujaribu tena.

Seti ya kwanza inafaa ichaguliwe kwa swali moja tu: je, huyu mtu ataimaliza? Maketi ndogo iliyokwisha inafundisha kuliko kubwa iliyokwama.

Boti gani inafaa

Kwa kuanza, mafundi wengi wanashauri boti ndogo ya wazi, isiyo na mizinga, yenye mlingoti mmoja ao bila mlingoti. Mfano unaojulikana ni ule wa kampuni ya Marekani Model Shipways, yenye seti tatu zilizoandaliwa na fundi David Antscherl kusudi mtu apande kama ngazi. Ya kwanza ni dori ya Lowell, ya pili ni boti ndogo ya tanga ya Norway, ya tatu ni boti ya wavuvi wa kamba-mti, yenye kazi zaidi.

Dori ni chombo ambacho mvuvi wa ziwa angekielewa mara moja: chini ni bapa, mbavu ni chache, mbao za pembeni ni pana. Zamani meli za uvuvi zilizibeba dori nyingi, moja ndani ya ingine kama sahani, na wavuvi walishuka nazo kuvua samaki kwenye bahari ya Newfoundland. Karakana ya Lowell huko Amesbury, Massachusetts, ilianzishwa mwaka 1793.

Kuko pia kampuni za zamani za Ulaya, kama Billing Boats ya Denmark na Artesanía Latina ya Hispania. Nazo ziko na seti nyepesi na seti ngumu, kwa hiyo jina la kampuni peke yake halitoshi.

Namna tatu za kujenga

Mbele ya kulipa, inafaa kujua boti itajengwa namna gani.

Namna ya kwanza ni mwili wa mti mzima, ulionyolewa nusu kiwandani. Kazi ni kuchonga na kulainisha, karibu sawa na mtumbwi wa kuchimba.

Namna ya pili ndiyo inayouzwa zaidi: mkuku, yaani uti wa mgongo wa boti, na viunzi vinavyosimama juu yake, kisha mbao nyembamba zinazofunika. Seti zingine ziko na tabaka moja la mbao, zingine mbili. Tabaka mbili zinaongeza saa za kazi, lakini zinasaidia anayeanza: kosa la tabaka la kwanza linapigwa msasa na kufichwa chini ya la pili.

Namna ya tatu ni kujenga ubavu kwa ubavu, sawa vile wanafanya mafundi wa meli ya kweli. Hiyo si ya kuanzia.

Kipimo

Namba kama 1:24 inaonyesha kwamba sentimeta 1 ya maketi ni sentimeta 24 za boti ya kweli. Boti ya meta 6 kwa 1:24 inakuwa na sentimeta 25. Kwa 1:12 inakuwa na sentimeta 50. Namba ya pili ikizidi kuwa kubwa, vipande vinazidi kuwa vidogo na vidole vinateseka.

Mambo ya kuchunguza mbele ya kulipa

– Maelezo: yawe na picha za kila hatua, katika luga ambayo mnunuzi anaisoma. Kampuni zingine zinayaweka bure kwenye intaneti. Ni vizuri kuyasoma yote kwanza. Asiyeelewa hatua za katikati atafute seti nyepesi zaidi.

– Kilichomo: mara mingi kole, rangi na vyombo havimo. Anayeanza anahitaji kisu kikali, msasa, rula ya chuma, koleo ndogo, vibanio vya nguo na kole nyeupe ya mbao.

– Bei ya chini kupita kiasi: kuko seti za kuiga, zenye plani iliyonakiliwa na mbao mbovu. Vipande vikikosekana, mnunuzi hana wa kumwandikia.

– Matumizi: maketi nyingi ni za kuwekwa mezani. Ikitiwa ziwani bila kutayarishwa kwa maji, mbao zinavimba na kole inaachana.

Usalama na kutunza

Kisu kinakata kuelekea mbali na vidole. Kole ya haraka inanasa ngozi na harufu yake inachoma macho, kwa hiyo dirisha libaki wazi. Mtoto afanye kazi hiyo pamoja na mtu mkubwa. Mbao zisiwekwe karibu na mabati yenye joto wala penye unyevu wakati wa mvua, ju zinapinda.

Kama seti haipatikani

Kukosa seti si mwisho. Seremala wa mtaa anaweza kupasua mabaki kuwa vipande vyembamba, na triplex nyembamba inatosha kwa viunzi. Kinachobaki ni plani, na boti ya kupima iko pwani: mtu anachukua meta, anapima urefu, upana na kina cha mtumbwi wa mvuvi kwa ruhusa yake, anagawanya kila namba kwa 12 ao 24, anachora kwenye karatasi. Kazi ni ndefu kuliko kufungua kartoni, lakini anayeimaliza amejifunza pia namna boti za ziwa lake zinavyojengwa.