Tikal, mji wa Wamaya usio na mto

Mji wa kale wa Tikal umo ndani ya msitu mnene wa Petén, kaskazini mwa Guatemala. Wageni wengi hufikia Flores, mwendo wa zaidi ya kilomita 60, kisha hukimbilia Hekalu la Nne, lenye urefu wa mita 65 hivi, kuutazama msitu kutoka juu. Ajabu kubwa zaidi iko chini: maelfu ya wakazi waliishi pasipo mto wala ziwa, wakitegemea mvua iliyokingwa mabwawani. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020 ulibaini zebaki katika mabwawa ya karibu na ikulu, yamkini kutokana na rangi nyekundu iliyopakwa majengoni. Tarehe ya mwisho iliyochongwa kwenye nguzo zake za mawe ni ya mwaka 869. Baadaye mji ulihamwa, msitu ukaufunika.