Shaba Hugumu kwa Nyundo, Hulainika kwa Moto

Fundi aliyezoea chuma akishika shaba kwa mara ya kwanza, mara nyingi huiharibu. Chuma cha kisu au patasi ukikipasha moto kikawa chekundu kisha ukakitumbukiza majini, hugumu. Kwa hivyo akiona maji huingiwa na hofu: shaba yangu itakuwa ngumu, itavunjika. Kumbe shaba haina tabia hiyo. Kinachoigumisha ni nyundo, na kinachoilainisha ni moto.

Nazungumzia shaba ya manjano, ile ya madele yetu ya kahawa na ya vipuli vya milango ya Lamu. Ni mchanganyiko wa shaba nyekundu na zinki. Jijini Nairobi, upande wa Eastlands, kuanzia Kamukunji na Shauri Moyo hadi vibanda vya Kariobangi Light Industries, wengi wanafua chuma na bati, lakini wapo wanaoyeyusha kufuli mbovu na mifereji ya maji iliyochakaa wakatoa bangili na vidani. Vijana wetu wa Pwani waliokwenda kutafuta riziki huko wamo pia, na maswali yao ndiyo yaliyozaa makala haya.

Tutenganishe kwanza kumimina na kufua. Siwa ya shaba iliyo makumbusho ya Lamu ilimiminwa: shaba iliyeyushwa ikatiwa kwenye kalibu. Kitu cha namna hiyo hakihitaji kulainishwa. Bangili inayopigwa kutoka bapa, sinia, au dele linaloinuliwa kwa nyundo, ndivyo vinavyohitaji. Ndani ya shaba mna chembe zilizopangika vizuri. Kila pigo huzisukuma na kuzivuruga, mpaka zinazuiana zisiweze tena kuteleza. Fundi huisikia kwa mkono kabla ya jicho: nyundo inaanza kurudi, mlio unakuwa mkali. Akiendelea kupiga, ukingo unapasuka.

Hapo ndipo hurudishwa motoni. Joto la nyuzi 450 hadi 600 hivi za Selsiasi linatosha, na kwa kuwa kipimajoto cha tanuri hakipatikani kila kibanda, jicho ndilo kipimo. Fanya kazi kivulini. Juani huwezi kuona rangi. Shaba ikianza tu kuwa nyekundu hafifu, kama kaa linalokaribia kuzimika, ondoa. Hapo chembe mpya zimeshazaliwa na shaba imerudi kuwa laini. Baadaye unaweza kuitia majini au kuiacha ipoe yenyewe, ulaini ni ule ule. Maji faida yake ni haraka, na hubandua sehemu ya ukoko mweusi. Ila kipande kinene au cha kumiminwa usikitie majini kikiwa chekundu, kinaweza kupasuka. Weusi uliobaki huondolewa kwa ndimu au ukwaju, jambo ambalo bibi zetu hawakulisomea kokote.

Ukiuacha moto uzidi, chembe hukua mno, na ukikunja bapa uso wake hutoka vikwaruzo kama ganda la chungwa. Ukizidi zaidi, zinki inaanza kutoka kama moshi mweupe. Zinki huchemka kwenye nyuzi 907, chini ya joto la kuyeyusha shaba nyekundu. Moshi huo humpa fundi homa, kutetemeka na kikohozi usiku ule ule. Wengi hunywa maziwa. Maziwa hayatibu kitu hapo. Hewa ndiyo dawa, yaani kufanyia kazi mahali pa wazi na kusimama upande upepo unakotoka.

Mifereji na funguo zina ubaya mwingine: shaba yake huongezwa risasi, nasema risasi ya madini na si ya bunduki, ili ikatike vyema kwenye mashine. Shaba hiyo haifuliki vizuri, na moshi wake una sumu. Watu wa Owino Uhuru, Mombasa, hawahitaji kufundishwa risasi hufanya nini kwa watoto. Mwaka 2020 mahakama iliamuru walipwe shilingi bilioni 1.3 kwa madhara ya kiwanda cha kuyeyusha betri.

Shaba iliyo bora kwa kufua ni ya asilimia 70 ya shaba nyekundu na 30 ya zinki. Na hiyo ndiyo inayotengenezewa maganda ya risasi za bunduki. Kiwandani ganda huvutwa kutoka kikombe kifupi likawa refu, na kila hatua hulainishwa kwa moto. Mwishoni mdomo hulainishwa tena ili usipasuke, na kitako huachwa kigumu kibebe kishindo. Jeshi la Uingereza kule India lilijifunza kwa hasara: maganda yaliyohifadhiwa kwenye mazizi ya farasi msimu wa mvua yalipasuka yenyewe. Ilikuja kuelezwa mwaka 1921 kwamba amonia ya mkojo wa farasi, ikikutana na shaba iliyobaki na mkazo ndani yake, huipasua. Kwa hiyo hata sinia uliyomaliza kuifua, ipashe moto mdogo wa nyuzi 250 hadi 300 kwa muda wa saa moja. Mkazo utatoka, ugumu utabaki.

Sasa vijana huona kwenye simu Wamarekani wakilainisha maganda nyumbani na kuyajaza upya. Huko wengine wanaruhusiwa. Hapa Kenya, Sheria ya Silaha, Sura ya 114, haimruhusu mtu kutengeneza risasi bila idhini, na kumiliki risasi bila cheti ni kosa. Tukiacha sheria, moto ukifika kitakoni hukilainisha, na ganda lenye kitako laini likifyatuliwa gesi hurudi nyuma, usoni pa mwenye bunduki.

Kwa fundi wa bangili hatari iko karibu zaidi. Katika gunia la vyuma chakavu ganda tupu na risasi nzima hufanana likiwa na matope. Ganda tupu mdomo wake u wazi na kitako kina kishimo cha pini katikati. Kitako kisicho na alama hiyo hakijalipuka, hata kama mbele ni patupu, na kikiingia tanurini kitalipuka. Usikigonge, usikitoboe, usikirudishe kwa aliyekuuzia. Kiache kilipo, waondoe watu, uwaite polisi wa kituo cha karibu.