Kipimo Kilichobaki Hamburg

Mwaka 1949 Winston Churchill alitoa pauni 25 kuchangia utetezi wa adui yake wa jana. Adui huyo alikuwa Erich von Manstein, Fildi Mashali wa jeshi la Hitler, ambaye Waingereza walimpandisha kizimbani mjini Hamburg. Miaka minne baadaye Churchill, sasa Waziri Mkuu kwa mara ya pili, alimpa mmoja wa majenerali wake barua iliyomruhusu kuitwaa serikali yote ya Kenya endapo angeona haja. Jenerali aliikunja barua ile akaitia kwenye kifuko cha miwani. Inasimuliwa kwamba kila walowezi walipomchosha kwenye mikutano, alikuwa akikifungua kifuko hicho na kukifunga, pa, bila kusema neno, nao wakaelewa.

Jina lake George Erskine. Leo ukiwauliza vijana wa Nyeri habari za jenerali wa zamani, watakutajia General China, aliyekuwa Waruhiu Itote, au watakupeleka moja kwa moja kwa Fildi Mashali Dedan Kimathi. Wenye kumbukumbu zaidi watamtaja Muthoni Kirima, mwanamke aliyepewa cheo hicho hicho msituni. Erskine hana wa kumtaja, ilhali kuanzia Juni 1953 hadi Mei 1955 hakuna mtu aliyekuwa na bunduki nyingi zaidi chini ya amri yake kutoka Nyandarua hadi Meru.

Nawaweka pamoja Mjerumani na Mwingereza huyu kwa sababu kalenda imewaweka pamoja. Manstein aliachiliwa kutoka gerezani Mei 7, 1953. Erskine alitua Nairobi Juni 7, 1953. Mwezi mmoja kamili.

Tuanze na Mjerumani. Manstein alizaliwa Berlin mwaka 1887 katika ukoo wa wanajeshi, na wajuzi wa vita hadi leo wanamhesabu kuwa mmoja wa mabingwa wa mbinu katika jeshi lile. Mwaka 1941 alipewa Jeshi la 11 kuiteka Krimea. Novemba 20 mwaka huo alitia saini amri iliyowaambia askari wake kwamba mfumo aliouita wa Kiyahudi na Kibolsheviki lazima ufutwe kabisa. Mwezi uliofuata, mjini Simferopol, ndani ya eneo lililokuwa chini yake, vikosi vya mauaji viliwapiga risasi Wayahudi zaidi ya 10,000. Alipoulizwa habari za amri ile mbele ya mahakama ya Nuremberg mwaka 1946, alisema hakumbuki kuiandika. Akaonyeshwa saini yake.

Kesi yake mwenyewe ilianza Hamburg Agosti 23, 1949, majaji wakiwa maofisa wa Uingereza, mashtaka 17. Aliyeongoza utetezi alikuwa Reginald Paget, mbunge wa chama cha Labour, ambaye hakudai malipo. Desemba 19 hukumu ikatoka: mashtaka manane akaondolewa, tisa akapatikana na hatia, baadhi baada ya maneno ya shtaka kurekebishwa. Miongoni mwa yaliyomfunga ni kushindwa kulinda uhai wa raia waliokuwa chini ya mamlaka yake, na raia kuhamishwa kwa nguvu. Miaka 18 jela, ikapunguzwa ikawa 12, akatoka kabla ya kumaliza minne. Aliandika kitabu cha kujisifia ushindi uliopotea, akalishauri jeshi jipya la Ujerumani Magharibi, akafa kitandani mwaka 1973.

Ninachotaka msomaji ashike hapo si urefu wa kifungo. Ni kile kipimo: kwamba kamanda hawezi kujitetea kwa kusema si yeye aliyevuta kifyatulio. Waingereza ndio waliokitamka katika ukumbi ule wa Hamburg, miezi minne tu baada ya mataifa kukubaliana juu ya Mikataba ya Geneva, Agosti 12, 1949. Mikataba hiyo London iliidhinisha rasmi mwaka 1957. Wakati huo vita vya Mlima Kenya vilikuwa vimekwisha, na Kimathi alikuwa amenyongwa Kamiti tangu Februari.

Sasa njoo huku kwetu.

Erskine alizaliwa 1899. Katika Vita Vikuu vya Pili aliongoza Divisheni ya 7 ya vifaru, wale waliojiita Panya wa Jangwani, Afrika Kaskazini, Italia, kisha Normandy. Huko Normandy, Juni 1944, Wajerumani waliwachakaza askari wake katika mji mdogo wa Villers-Bocage, na Agosti akavuliwa ukamanda pamoja na brigedia wake, William Hinde. Dunia ndogo: Hinde ndiye aliyetangulia Kenya mwanzoni mwa 1953 kuongoza operesheni dhidi ya Mau Mau, na Erskine akamkuta hapa. Wawili waliofukuzwa kwa kushindwa na Wajerumani walikutana tena kupigana na watu wa Mathira na Tetu, ambao wengi wao silaha zao zilikuwa panga na bunduki za kujitengenezea zenye kifungio cha mlango.

Kati ya Normandy na Kenya, Erskine alipita Misri. Januari 25, 1952, majeshi ya Uingereza yaliyokuwa chini yake yaliizingira kambi ya polisi mjini Ismailia, na polisi wa Kimisri wapatao 50 wakauawa. Kesho yake Kairo iliwaka moto. Misri bado huadhimisha tarehe hiyo kama Siku ya Polisi. Huyo ndiye mtu aliyepangiwa Kenya.

Tumtendee haki. Erskine hakuwa mlowezi, na walowezi aliwadharau mno. Katika barua kwa mkewe aliwaandika kwa maneno ambayo gazeti hili lisingeyachapa. Aliamini kwamba ghasia hizi zilikuwa na chanzo cha kisiasa na ardhi. Juni 23, 1953 aliwatumia maofisa wake wote amri kwamba hatavumilia kuwapiga na kuwaonea wananchi. Agosti ndege zikamwaga vikaratasi vya kuwaita wapiganaji watoke msituni wakiwa wameshika matawi mabichi. Na wapiganaji nao hawakuwa malaika. Usiku wa Machi 26, 1953, Lari, waliwachoma wanawake na watoto ndani ya nyumba zao, na hakuna hoja ya ithaka na wiathi, ardhi na uhuru, inayoweza kuufunika usiku ule.

Lakini amri ile ya Juni 23 ilikuja baada ya Chuka.

Ukitoka Embu kuelekea Meru, barabara inapanda na kushuka mabonde ya mito inayotoka mlimani, mkono wa kushoto msitu, kulia mashamba ya majani chai na kahawa. Chuka ipo hapo, leo ni Kaunti ya Tharaka Nithi. Juni 13, 1953, Kombania B ya Kikosi cha 5 cha Keya, yaani King's African Rifles, iliingia huko kuwasaka wapiganaji, chini ya ofisa Mwingereza, Gerald Griffiths. Wafungwa wawili waliochukuliwa kuongoza njia waliteswa kisha wakapigwa risasi. Kisha, Juni 17 na 18, wanakijiji wapatao 20 wasio na silaha walikusanywa na kuuawa. Uchungu zaidi ni kwamba baadhi yao walikuwa homugadi, wale ambao huku Nyeri tuliwaita ngati: watu waliojitolea kuwa upande wa serikali.

Erskine alikuwa na siku 10 nchini. Mtu anaweza kusema hakuwa amefungua hata masanduku yake. Ni kweli, na kama tungemhukumu kwa Chuka peke yake, wakili mzuri kama Paget angemtoa. Swali ni alichofanya baadaye, alipokwisha kujua.

Griffiths alishtakiwa mbele ya mahakama ya kijeshi Nairobi, Novemba 1953. Shtaka halikuwa la Chuka. Lilikuwa la kumuua mfanyakazi wa msituni siku chache kabla, na aliachiliwa kwa utata wa kuthibitisha kwamba aliyetajwa kwenye shtaka ndiye aliyepigwa risasi. Kesi hiyo hata hivyo ilianika mambo: kwamba askari walipewa shilingi tano kwa kila waliyemuua, na kwamba kombania zilishindana kwa hesabu ya maiti. Bunge la London likapiga kelele. Desemba ikaundwa tume ya Luteni Jenerali Kenneth McLean, ya kijeshi, ikichunguza wanajeshi wenzake, na kwa jumla ikalisafisha jeshi. Mwezi huo huo Erskine alimwandikia Waziri wa Vita, Antony Head, akikiri kwamba mwanzoni mwa Hali ya Hatari kulikuwa na upigaji risasi ovyo uliofanywa na jeshi na polisi, na kwamba wafungwa walipigwa ili watoe habari. Alijua, basi. Aliandika kwa mkono wake mwenyewe. Uchunguzi huru wa kurudi nyuma na kuyafukua yote hakuutaka.

Machi 1954 Griffiths alirudishwa mahakamani, safari hii kwa kuwatesa wale wafungwa wawili, akafungwa miaka mitano.

Mwaka 1954 ndio Erskine aliotuachia alama. Januari, karibu na Karatina, General China alijeruhiwa na kukamatwa. Itote alikuwa amevaa sare ya Mfalme wa Uingereza huko Burma, akiwa na Keya hao hao. Mahakama ya Nyeri ikamhukumu kifo. Kisha akaponea, kwa kukubali kuwaandikia wenzake wa msituni juu ya mazungumzo. Erskine aliunga mkono mpango huo, naye ndiye aliyekuwa na cha kuvuna. Aprili 7, wapiganaji wakiwa wamekusanyika upande wa Konyu wakijadili kutoka, askari wa Keya wakawashambulia na kuwaua 25. Mazungumzo yakafa palepale. Wazee wa Mathira walichukua funzo moja tu: mwenye kukwambia uje na tawi bichi, mchunguze mkono wa pili.

Siku 17 baadaye, Aprili 24, Nairobi ilizingirwa alfajiri. Operesheni iliitwa Anvil, yaani fuawe, na kweli watu walifuliwa. Wakikuyu, Waembu na Wameru walikusanywa mtaa kwa mtaa, wakapitishwa mbele ya watu waliofunikwa magunia yenye matundu ya macho, gakunia, ambao kwa kutikisa kichwa tu walimtuma mtu kwenye kambi za Manyani au MacKinnon Road. Zaidi ya watu 20,000 waliwekwa kizuizini. Kijeshi ilikuwa kazi safi kabisa. Mau Mau hawakuinuka tena Nairobi.

Huku mlimani, Juni 1954, Baraza la Vita, ambalo Erskine alikuwa mmoja wa wajumbe wake wachache pamoja na Gavana Evelyn Baring, liliamua watu wote wahamishwe kutoka kwenye boma zao zilizotawanyika juu ya migongo ya vilima. Nyumba zikachomwa. Kufikia mwisho wa 1955 zaidi ya watu milioni moja walikuwa ndani ya vijiji zaidi ya 800 vilivyozungushiwa waya na mahandaki. Neno la Kikuyu la vijiji hivyo ni ichagi, na mzee wa Nyeri akilitamka utajua hazungumzii kijiji cha kawaida. Mahali pengine watu walifungiwa ndani saa 23 kwa siku; saa moja iliyobaki ilikuwa ya maji, kuni na chakula. Kando ya msitu ukachimbwa mtaro wa takriban kilomita 80, chini umepandwa miti ya mianzi iliyochongwa. Waliouchimba walikuwa wanawake, kwa lazima, wengine na watoto mgongoni. Juu yao ndege zikipita kwenda kuangusha mabomu msituni, zile ndogo zikiruka kutoka Mweiga, jirani tu na mji wa Nyeri.

Narudi kwenye kile kipimo. Raia kuhamishwa kwa nguvu. Kushindwa kulinda uhai wa walio chini ya mamlaka yako. Sisemi Chuka ni Simferopol. Asemaye hivyo haheshimu wafu wa huko wala wa huku. Manstein alitumikia utawala uliokusudia kulifuta taifa zima la watu, na Erskine hakukusudia hivyo. Ninachosema ni kwamba nchi iliyomwambia Mjerumani mwaka 1949 kwamba kamanda hujibu kwa yaliyotendeka katika himaya yake haikuuliza swali hilo kwa kamanda wake hata mara moja. Kambi za kizuizini zilikuwa chini ya utawala wa kiraia, hilo ni kweli, na jenerali angelitumia vizuri kama ngao. Ila hakuna aliyemlazimu kuinua ngao yoyote.

Mei 1955 alimkabidhi Gerald Lathbury ukamanda, akaondoka. Alipewa jeshi la kusini mwa Uingereza, kisha ugavana mdogo wa kisiwa cha Jersey kuanzia 1958 hadi 1963, akafariki 1965. Serikali ya kikoloni ilikuwa imewanyonga watu 1,090 kufikia mwisho wa Hali ya Hatari.

Juni 6, 2013, Waziri wa Mambo ya Nje wa Uingereza, William Hague, alisimama bungeni akaeleza masikitiko ya serikali yake kwa mateso yaliyotendeka, na kutangaza fidia ya pauni milioni 19.9 kwa wadai 5,228. Wadai hao walikuwa watu walioteswa ambao bado walikuwa hai. Wa Chuka hawakuwa hai. Kwa mauaji ya wanakijiji wale, Juni 17 na 18, 1953, hakuna askari, ofisa wala jenerali aliyewahi kushtakiwa.