Kiti cha Naibu Meya wa Arusha

Wengi wenu mlioondoka nyumbani miaka mingi iliyopita mnaweza kutaja mameya wawili watatu wa Arusha bila kusita. Mkiulizwa manaibu wao, mtakwama. Si kosa lenu. Ukiingia kwenye ukumbi wa baraza la madiwani, macho huenda kwa aliyevaa mkufu, yule anayeitwa Mstahiki. Anayeketi kando yake hatazamwi sana mpaka siku Meya asipofika.

Lakini mwaka 2011 mji wetu wote ulibaki ukingoja kuona nani ataketi kwenye kiti hicho cha pembeni, na aliyekikalia kilimgharimu sana. Kamati ya kabrasha iliponiomba makala ya historia ya nyumbani, nilichagua habari hii kwa sababu mbili. Kwanza, waliozaliwa baada yake wanaisikia vipande vipande, tena kila mmoja kwa rangi ya chama cha anayemsimulia. Pili, fedha mtakazochanga mwaka huu zitafika mahali ambapo madiwani ndio wanaoamua, kwa hiyo ni vizuri tukajua namna wanavyoamua na kinachotokea wanaposhindwa.

Nianze na halmashauri yenyewe. Serikali za mitaa tunazozijua leo zina pengo katikati. Mwaka 1972 ulikuja mpango wa Madaraka Mikoani, halmashauri zikavunjwa na kazi zake zikachukuliwa na watendaji wa serikali kuu waliopangiwa mikoa na wilaya. Miji ikaumia haraka, kwa kuwa taka na mifereji havimsubiri ofisa wa mkoa. Mwaka 1978 halmashauri za miji zikarudishwa, na mwaka 1982 zikatungwa sheria mbili ambazo, pamoja na marekebisho mengi, ndizo zinazotumika hadi leo: Sheria Namba 7 kwa wilaya na Namba 8 kwa miji. Arusha ilipata hadhi ya manispaa mwaka 1980 na ikawa jiji Novemba 2012.

Kwa mpangilio huo Meya hachaguliwi na wananchi moja kwa moja. Sisi tunachagua diwani wa kata, kisha madiwani wanakaa na kumchagua mmoja wao kuwa Meya na mwingine kuwa Naibu Meya. Hapa kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Meya hukaa miaka mitano, maisha yote ya baraza, ila Naibu Meya huchaguliwa kwa mwaka mmoja tu. Mwaka ukiisha anarudi kwa wenzake kuomba tena, na wakitaka wanamweka mwingine. Ndiyo maana orodha ya manaibu ni ndefu kuliko ya mameya na majina yao hayakai kichwani.

Kazi yake? Kuongoza kikao Meya asipokuwepo, na kumwakilisha kwenye shughuli. Mtendaji mkuu wa halmashauri si Meya wala naibu wake, ni mkurugenzi. Ofisi ambayo naibu anaishika kwa mkono wake mwenyewe ni moja ambayo haina shamrashamra: mwenyekiti wa Kamati ya Kudhibiti UKIMWI ya halmashauri ni Naibu Meya, kama ambavyo kwenye halmashauri za wilaya ni makamu mwenyekiti. Utaratibu huo ulikuja baada ya serikali kuunda tume ya taifa ya kudhibiti ugonjwa huo, TACAIDS, mwaka 2001. Nadhani aliyelipanga hivyo alijua anachofanya. Meya ana kamati ya fedha, ambako wagombanaji hawakosekani. Mambo ya yatima, ya dawa, ya wasichana wa baa na vijana wa stendi, yanahitaji mtu mwenye muda wa kusikiliza.

Turudi kwenye 2010. Uchaguzi mkuu wa mwaka huo uliigawa Arusha karibu nusu kwa nusu. Ubunge wa mjini ulichukuliwa na Godbless Lema wa CHADEMA. Kwenye udiwani, CCM na CHADEMA walikaribiana, na TLP ikawa na viti vichache ambavyo ghafla vikawa na thamani kubwa. Desemba madiwani walipokwenda kumchagua Meya, ukatokea mgogoro kuhusu nani ana haki ya kupiga kura, hasa mbunge mmoja wa viti maalumu aliyedaiwa na wapinzani kuwa ni wa Mkoa wa Tanga. Uchaguzi ukafanyika bila CHADEMA kuukubali. Gaudence Lyimo wa CCM akatangazwa Meya, na Michael Kivuyo wa TLP akawa Naibu Meya.

Yaliyofuata mnayakumbuka, hata mliokuwa mbali mliyasikia redioni. Tarehe 5 Januari 2011 CHADEMA waliitisha maandamano na mkutano viwanja vya NMC. Polisi waliyazuia maandamano, viongozi wakakamatwa, na watu watatu wakafa kwa risasi, mmoja wao raia wa Kenya. Baadhi ya maaskofu wa mji wetu walitamka hadharani kwamba hawamtambui Meya. Mwezi uliofuata suala lilifika bungeni Dodoma, ambako Lema alimtuhumu Waziri Mkuu Mizengo Pinda kwamba hakusema ukweli kuhusu vurugu hizo, na Spika akamtaka alete ushahidi. Madiwani wa CHADEMA walisusia vikao.

Sitaki kulipitia hili la kususia kwa haraka, kwa sababu hapo ndipo mwananchi wa kata anapoumia bila kuona jeraha. Diwani ndiye mwenyekiti wa Kamati ya Maendeleo ya Kata. Yeye ndiye anayebeba maombi ya kata kupeleka kwenye kamati za halmashauri, na ndiye anayesimama barazani kuuliza kwa nini daraja la kwao halimo kwenye bajeti. Asipoingia ukumbini, kata yake haina mdomo. Wenzake hawatamsemea, wana kata zao. Na huyo huyo diwani akiingia ukumbini, wapiga kura wake waliozika watu Januari watamwuliza ameketi na nani. Mimi sijui mtu ambaye angekuwa na jibu rahisi.

Katikati ya mwaka 2011 yakafanyika mazungumzo kati ya madiwani wa pande zote. Kilichotoka kiliitwa muafaka. Lyimo aliendelea kuwa Meya. Kivuyo aliachia nafasi, na Estomih Mallah, diwani wa CHADEMA wa Kata ya Kimandolu, akachaguliwa Naibu Meya. Kwa maneno mengine, mji mzima uliokuwa umegawanyika kwa sababu ya kiti cha kwanza ulitafuta kupatanishwa kwa kiti cha pili, kile cha mwaka mmoja mmoja, kisicho na mamlaka ya utendaji, ambacho siku za kawaida hakuna anayekigombea kwa jasho.

Uongozi wa CHADEMA taifa haukuukubali muafaka huo. Ulisema haukuuidhinisha, na kwamba kuupokea ni sawa na kuutambua uchaguzi ule wa Desemba uliomwaga damu. Agosti 2011 Kamati Kuu ya chama iliwafukuza uanachama madiwani watano wa Arusha, Mallah akiwa mmoja wao. Na kwa sheria zetu, diwani aliyepoteza uanachama wa chama kilichomdhamini amepoteza udiwani. Aliyepoteza udiwani hawezi kuwa Naibu Meya.

Kuna nyumba mjini ambazo hadi leo huwezi kutaja jina la Mallah mezani bila chai kupoa. Wapo wanaosema aliwauza waliokufa. Wapo wanaosema alikuwa mtu mzima peke yake katika chumba cha watoto. Nimewasikiliza wote, na baadhi yao ni ndugu zangu. Maoni yangu ni kwamba hakuna upande uliokosea wote. Chama kilikuwa na haki ya kudai kwamba makubaliano makubwa kiasi hicho yasifanywe na madiwani peke yao bila waliowatuma. Lakini kukaa nje ya ukumbi mpaka 2015 pia kulikuwa na bei yake, na aliyekuwa ailipe ni mama wa Kimandolu anayetembea na mgonjwa, wala si kiongozi wa makao makuu. Ninachoona kilikosewa na wote ni kudhani kwamba kiti cha unaibu kinaweza kufidia damu. Kiti kile hakikuumbwa kubeba mzigo wa namna hiyo.

Bei ililipwa na kata. Uchaguzi mdogo wa kuziba nafasi katika kata nne, Kimandolu, Elerai, Themi na Kaloleni, ulipangwa Juni 2013, karibu miaka miwili baada ya kufukuzwa kwa madiwani wale. Siku moja kabla ya kura, tarehe 15 Juni, bomu lilirushwa kwenye mkutano wa kufunga kampeni wa CHADEMA viwanja vya Soweto. Watu wakafa tena, wakiwamo watoto. Uchaguzi ukaahirishwa, ukafanyika Julai, na CHADEMA wakazichukua kata zote nne.

Mallah alihamia ACT-Wazalendo, na mwaka 2015 akasimama kugombea ubunge wa Arusha Mjini. Hakufika siku ya kura. Alifariki Oktoba mwaka huo, siku chache kabla ya uchaguzi mkuu, na kwa sababu mgombea amefariki, kura ya ubunge kwetu iliahirishwa hadi Desemba 13. Sehemu kubwa ya nchi ilipiga kura ya ubunge Oktoba, Arusha Mjini ikabaki ikimsubiri marehemu.

Nisije nikaonekana nasema unaibu meya ni mkosi. Kule Dar es Salaam, Omary Kumbilamoto, diwani wa Vingunguti, alikuwa Naibu Meya wa Ilala kwa tiketi ya CUF baada ya uchaguzi wa 2015. Mwaka 2018 alihamia CCM, akarudi Vingunguti kuomba kura upya, akashinda, kisha akawa Meya wa Ilala. Mwaka 2021 halmashauri ya zamani ya Jiji la Dar es Salaam ilivunjwa, Ilala ikapandishwa kuwa jiji, na yeye akawa Meya wa Jiji. Kiti ni kile kile na kuhama chama ni kule kule. Mmoja kilimpandisha, mwingine kilimtoa, na tofauti kubwa, kwa macho yangu, ni kwamba mmoja alihamia upande wenye nguvu na mwingine alijaribu kusimama katikati.

Sasa kuhusu mchango wa mwaka huu. Zahanati tunayoichangia imefika usawa wa lenta kwa nguvu za wananchi, yaani kwa mifuko ya saruji mliyoituma nyinyi na kwa siku za kazi za waliobaki nyumbani. Lengo la fedha za safari hii ni kenchi na bati. Kuanzia hapo jengo si letu peke yetu. Umaliziaji, watumishi na dawa ni mambo ya halmashauri, na ombi litatoka kwenye kamati ya kata, lipite kwenye kamati za kudumu, liingie barazani. Baraza hukaa kila baada ya miezi mitatu na vikao vyake ni vya wazi. Chama chetu hakina itikadi na hakitakuwa nayo, ila kamati imekubaliana kwamba kila baraza litakapokaa, wanachama wawili wataingia na kuketi kwenye viti vya wageni mpaka agenda ya mwisho. Zamu ya kwanza tayari ina majina. Za mwaka mzima zimebandikwa ukutani karibu na meza ya mweka hazina, na nafasi za robo ya tatu bado ziko wazi.